Mbona Matangi Yamepungua?

Maneno haya niliyasema siku tulipofungua tena nyumba yetu ya mto, yaani nyumba ya matangi ya samaki na viumbe wengine wa mtoni iliyo shuleni kwetu hapa Arusha, baada ya miezi minane ya ukarabati. Sikuwa na karatasi mkononi. Walimu waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama nilivyoyakumbuka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wazee wa mtaa, wazazi, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliochangia: itifaki imezingatiwa, maana nikianza kumtaja kila mmoja kwa cheo chake samaki watachelewa kula. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi si msemaji, ni fundi bomba. Nimefunga mabomba ya watu katika mji huu kuanzia Sakina hadi Njiro, na nilipostaafu nikasema sasa mimi na maji basi. Binti yangu, ambaye ni mwalimu hapa, akaniambia, "Baba, hebu njoo utuangalizie pampu, dakika tano tu." Dakika tano hizo mwaka huu zimetimiza miaka tisa.

Leo asubuhi mmoja wa wachangiaji wetu aliwahi kufika. Akaingia ndani peke yake, akazunguka, akatoka. Akanisogelea, akasema kwa upole kabisa, ingawa macho hayakuwa ya upole: "Fundi, zamani nikileta watoto wangu hapa tulikuwa tunahesabu matangi saba. Leo nimehesabu manne. Ukuta rangi ileile. Mbona matangi yamepungua, na hela zetu ziko wapi?"

Mheshimiwa, nimepewa dakika ishirini za kutoa shukrani. Kwa ruhusa yako nitazitumia kumjibu mzee huyu, kwa sababu najua swali lake mnalo wengi, ila yeye ndiye aliyethubutu kuuliza.

Hela ziko nyuma ya ukuta. Mkiingia mtaona kimlango cha bati upande wa kulia, kimefungwa, na ukiweka sikio utasikia maji yanakwenda. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chetu kimeundwa humo ndani: chumba cha hatua nne kwa tano, mapipa, pampu, mabomba ya plastiki yanayopishana kama mizizi ya mkuyu. Zaidi ya nusu ya michango yenu imeingia humo, na hakuna mtoto atakayepiga picha humo.

Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na dhambi yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza, chujio letu lilikuwa pipa moja la bluu lenye sponji na kokoto. Nilipolifungua nikakuta utelezi wa rangi ya ugoro na harufu kama ya mto baada ya mvua. Mimi ni fundi wa mjini. Kwangu, kitu chenye utelezi ni kichafu. Nikavuta mpira wa maji ya bomba, nikafungulia kwa nguvu, nikasugua zile sponji mpaka zikarudi rangi ya dukani, na kokoto nikaziosha kama mchele wa pilau. Jioni yake maji yalikuwa maangavu hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililoshikwa upande wa pili wa tangi. Nikajisifu sana. Nikamwita binti yangu aje kuona kazi ya mzee.

Siku ya tatu perege walikuwa juu, midomo usawa wa hewa, wanahema. Siku ya tano tulitoa kumi na wanne kwa kipande cha chandarua, tukawaweka kwenye ndoo. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alisimama pembeni ya ile ndoo, akaniangalia, akasema, "Babu, si uliwasafishia nyumba?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, kwa kuuliza na kusoma, na ndilo lililochora ramani ya ukarabati huu wote.

Samaki hana choo cha kwenda. Taka yake anaitoa palepale anapoishi, na nyingi hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, ileile inayokuchoma pua ukiingia banda la kuku asubuhi. Mtoni, mkondo huichukua. Kwenye tangi haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni ule utelezi wa rangi ya ugoro niliousugua: ni bakteria. Kundi moja linaila amonia na kuigeuza naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi jingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo samaki anaweza kuishi nayo mpaka tubadilishe sehemu ya maji. Mimea huifurahia kama mbolea. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga mji wao kwenye sponji. Mimi niliubomoa kwa saa moja, tena kwa maji yenye klorini, ambayo imewekwa humo makusudi iue vijidudu. Wanaoweka klorini hawana kosa hata kidogo. Ndiyo inayowakinga watoto wenu na kipindupindu. Kosa lilikuwa la fundi aliyedhani maji maangavu ndiyo maji mazima.

Kwa hiyo, mzee wangu, leo kila tangi kubwa lina machujio mawili. Tunasafisha moja, lingine linabaki na mji wake. Tunalisuuza ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, kwa mkono mwepesi, na tukiona utelezi umebaki tunashukuru. Maji ya bomba hayaingii moja kwa moja. Yanalala siku mbili kwenye mapipa yakipigwa hewa mpaka klorini itoke. Mapipa hayo yako matatu, nayo yamekaa palepale yalipokuwa yale matangi matatu usiyoyaona leo.

Kuna na jambo la uzito, ambalo wenye nyumba za ghorofa mtalielewa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi jipya la perege lina urefu wa mita tatu, upana mita moja na nusu, kina mita moja. Pigeni hesabu: lita 4,500, yaani tani nne na nusu, kabla hujahesabu kioo na mchanga. Sakafu ya zamani ilikuwa ya chumba cha kuhifadhia madawati. Tuliichimba, tukamwaga zege na nondo. Hilo nalo halionekani.

Na umeme. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na maji ya huku hushika oksijeni kidogo kuliko maji yenye joto hilohilo yaliyoko Tanga. Pampu ikisimama, joto likiwa lilelile, samaki wa Tanga ana muda mrefu kidogo wa kusubiri kuliko wa kwetu. Nimelala humu ndani usiku mara nyingi, na kikombe, nikichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yabebe hewa, nikisubiri umeme urudi. Mama watoto alifikiri nimepata nyumba ndogo. Sasa kuna betri na inveta inayoendesha pampu za hewa peke yake, bila taa wala kitu kingine, usiku mzima.

Nipite haraka kwenye saruji, kwa sababu ina uchungu na mhusika simtaji. Kuna fundi aliyewahi kutujengea kidimbwi cha kaa wa mtoni, akakimaliza Ijumaa, Jumatatu tukatia maji na kaa. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji kwa muda mrefu, na maji hugeuka makali kama ya magadi. Juu ya hapo alifunga koki za shaba, na shaba kidogo tu iliyoyeyuka, ambayo samaki angeivumilia, kwa kaa na konokono ni kifo. Hatukubaki na kaa hata mmoja. Safari hii kila kidimbwi kilijazwa na kumwagwa, kikajazwa na kumwagwa, wiki sita, mpaka vipimo vikalingana na vya maji ya mto. Ndiyo maana mlikuwa mnapita nje mnauliza mbona hatumalizi. Tulikuwa tunamwaga maji.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda.

Zamani tangi la perege lilikuwa na sakafu ya rangi ya bluu na kokoto za rangi rangi, nyekundu na kijani, zilizonunuliwa dukani. Lilipendeza. Wageni walilisifia. Na kwa miaka yote ile hatukuwahi kuona perege akizaa. Tulidhani ni wavivu, au maji ni ya baridi, maana Juni na Julai huku mnaijua baridi yake. Daktari wa mifugo anayetusaidia alipokuja kupanga ukarabati alitazama lile tangi dakika moja tu, akasema, "Dume atachimba wapi?"

Tukaondoa kokoto. Tukaweka mchanga laini, kina cha shubiri, mawe mawili makubwa na gogo. Tangi likawa na sura ya mto: kahawia, kahawia, na kahawia. Mjumbe mmoja wa kamati alisema limekuwa kama karai la kufulia. Wiki tatu baada ya kuwarudisha samaki, asubuhi nimefungua mlango, nikakuta dume mkubwa amekoleza rangi, amejipatia kona, amechimba shimo la mviringo kama sahani ya wali, na mchanga aliouchota kwa mdomo ameupanga ukingoni. Akija mwenzake anamfukuza. Akipita jike anatikisika mwili mzima.

Siku chache baadaye darasa la pili walikuwa humu ndani. Jike alishuka kwenye lile shimo, akataga, na palepale akageuka na kuyachota mayai mdomoni. Watoto wakapiga kelele: "Anayala! Anayala watoto wake!" Mwalimu naye akanitazama kwa wasiwasi. Nikawaambia subirini. Yule mama alikaa karibu wiki mbili na mdomo umevimba, hali chakula. Tulimtupia, akageuka upande. Kisha asubuhi moja akafungua mdomo, wakatoka watoto wadogo kama punje za ufuta, wakazunguka mbele ya uso wake kama vumbi. Mtoto mmoja aligonga kioo, tok. Wote wakarudi mdomoni mwa mama kwa mara moja, kama umevuta uzi.

Darasa zima lilinyamaza. Nimefunga mabomba miaka mingi, sijawahi kuona kazi yangu ikinyamazisha watoto arobaini.

Hapo kuna swali lingine ambalo huulizwa sana: kwa nini tusiweke sato, ambao ni wakubwa na wanakua haraka? Sato mzuri namla mwenyewe, sina ugomvi naye. Lakini kwao ni kwingine. Katika bonde letu la mto Pangani ameletwa na watu. Akikutana na perege wa kwetu huzaa naye, na kidogo kidogo perege asilia anapotea ndani ya damu ya mgeni bila mtu kuona samaki hata mmoja amekufa. Kuna perege wa Ziwa Jipe, na kuna wa Ziwa Chala, lile ziwa la shimo la volkano upande wa mashariki wa Kilimanjaro, ambaye asili yake ni ziwa hilo moja tu duniani. Wote wawili wamo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Nyumba ya mto ikiweka sato kwa sababu anavutia, kesho mtoto atamwaga ndoo mtoni akidhani anamrudisha nyumbani.

Kambare hana mambo mengi. Yeye ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo umeme ukikatika yeye halalamiki. Shida yake ni kutembea. Zamani tangi lake halikuwa na mfuniko mzito, na usiku mmoja wa mvua nikamkuta mlangoni, anajikokota kwenye sakafu kama mlevi anayetafuta funguo. Sasa ana mfuniko wenye komeo, bomba pana la kujifichia, na taa hafifu, kwa sababu yeye ni mtu wa usiku. Msipomwona, yumo.

Kobe wa maji ndiye aliyenifundisha kuhusu jua. Alikuwa kwenye tangi la kioo chini ya dirisha, na kila asubuhi jua lilimpiga. Tuliona amepata bahati. Lakini gamba lake likaanza kuwa laini kingoni, kama ganda la yai lililochemshwa kwenye siki. Daktari akasema hapati jua. Nikabishana naye, jua si hilo hapo mgongoni? Kumbe kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia ile miale isiyoonekana ambayo ngozi ya kobe huitumia kutengenezea vitamini D, na bila hiyo chokaa ya chakula haiendi kwenye mifupa na gamba. Jua lililopita kwenye kioo, kwa kobe, ni picha ya jua. Tulibomoa ukuta wa nyuma. Sasa ana kidimbwi ambacho nusu kiko ndani na nusu kiko nje chini ya wavu, na gogo la kupandia. Kibali cha kumtunza kimebandikwa mlangoni, mkitaka kukisoma.

Upande wa maonyesho ya ukutani, waliokuja zamani wanakumbuka picha kubwa ya papa na pomboo. Ilikuwa nzuri, niliipenda hata mimi. Lakini papa Arusha anatafuta nini? Tulipoishusha, ukuta ulibaki mtupu miezi miwili tukigombana nini kiwekwe pale.

Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu jumba moja huko Marekani, mji wa Dubuque, jimbo la Iowa, ukingoni mwa mto Mississippi. Ni makumbusho ya mto yenye matangi ya samaki, yalifunguliwa mwaka 2003. Nje walikuwa wameegesha meli ya mvuke ya mwaka 1934, inaitwa William M. Black, ambayo kazi yake ilikuwa kufyonza tope mtoni ili vyombo vipite. Meli ya tope! Kwetu ingeshauzwa chuma chakavu zamani, kwa kilo. Wao walikuwa wanakata tiketi watu waingie waione. Nikamwambia mjukuu, hawa wanaona fahari ya tope lao. Nasi tope tunalo.

Basi pale alipokuwa papa sasa kuna rafu yenye chupa za maji, kutoka juu mpaka chini. Chupa ya kwanza imetoka kwenye miteremko ya Meru. Zinazofuata ni za vijito vinavyokatiza mji huu, kisha mto Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko hukutana na Ruvu utokao upande wa Ziwa Jipe. Si ule Ruvu unaowanywesha Dar es Salaam, wageni huchanganya. Kutoka hapo unaitwa Pangani, unapita Korogwe, unapita mitambo ya umeme ya Hale, mpaka baharini Pangani mjini. Chupa ya mwisho ni ya chumvi. Wanafunzi waliipata kwa shangazi wa mmoja wao anayeuza samaki kule, akaituma kwa basi ikiwa imefungwa kwenye kanga.

Chupa moja ni ya kutoka eneo liitwalo Maji ya Chai, na hapo kila mtoto wa Arusha anasimama. Mnajua yanayotokea ukifika Dar ukacheka: mtu anakutazama meno, anakuuliza, "Wewe wa Arusha au Moshi?" Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, maji yanapita humo, na mtoto akiyanywa wakati meno yanakua, yanatoka na kahawia. Ikizidi sana inaingia mpaka mifupani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko vyanzo huku kwetu vinavyoipita mbali. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inabaki palepale. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe ndio unaoinasa, na huku kwetu Ngurdoto kazi hiyo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Tumeweka kichujio cha mkaa huo pembeni ya chupa, watoto wakione kinavyofanya kazi. Bibi mmoja aliyekuja kusafisha wiki iliyopita alisimama pale muda mrefu, kisha akaniambia maisha yake yote amekuwa akifunika mdomo akicheka, akidhani ni kwa sababu hakupiga mswaki vizuri utotoni.

Kuna na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Hatunaye tangini, tuna mchoro wake tu wenye urefu wake halisi. Yeye huzaliwa baharini, hupanda mto akiwa mwembamba kama uzi, hukaa huku juu miaka mingi, halafu hushuka kwenda kuzaa baharini na hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Mabwawa yamemkata njia. Simlaumu aliyejenga mabwawa. Taa hii inayowaka hapa juu yangu inatokana na mambo kama hayo.

Nalisema hilo kwa sababu ya mchoro wa mwisho, na huu naomba mnivumilie, kwa kuwa unahusu mafundi bomba.

Katika milima ya Udzungwa kuna korongo la mto Kihansi. Mwaka 1996 wataalamu walikuta pale chura mdogo wa manjano, ambaye hata akikua hafiki sentimita tatu. Hatagi, huzaa watoto. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, eneo dogo kuliko mashamba ya wengi wenu. Bwawa la umeme likajengwa, mitambo ya megawati 180, na mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa huko. Manyunyu yakafifia. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Bronx Zoo, New York. Wengine wakatunzwa Toledo, Ohio. Mwanzoni walikufa wengi, kwa sababu kuigiza manyunyu ndani ya sanduku la kioo si mchezo. Huku nyumbani walizidi kupungua, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Kwa maneno mengine, chura huyu wa Tanzania alibaki kwenye masanduku ya Marekani peke yake. Mwaka 2010 wakarudishwa vyura 100, wakapokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena korongoni.

Na korongoni wanategemea nini, maji yakiwa yamekwenda kwenye mitambo? Vinyunyizio. Mabomba, na vinyunyizio vidogo vidogo, vinavyotupa ukungu kwenye majani. Niliposoma hilo nilisimama jikoni nikamwambia mke wangu: mnyama mzima amesimama juu ya kazi yetu. Akaniambia nikae nile.

Nimebakiza tangi la nne. Mzee wangu, najua ulilitazama ukaona halina kitu, ukadhani hatujamaliza. Limekamilika. Ndilo la kaa. Lina mawe, lina mkondo, halina shaba hata ya sindano, na maji yake yanachotwa kwenye kijito kinachopita nyuma ya ukuta huu, hatua arobaini kutoka hapa. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele, namwona anatabasamu, ametueleza kwamba akiwa mdogo walikuwa wanafunua mawe pale darajani na kukamata kaa wa kuchoma. Kila Jumatatu wanafunzi wa klabu ya mazingira wanachota maji, wanayapima, wanaandika kwenye ubao ulioko juu ya tangi. Kaa hatutamweka mpaka vipimo vikubali miezi mitatu mfululizo. Mpaka sasa havijakubali hata wiki moja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kuudhuru, na mimi mwenyewe nimewahi kufunga bomba la choo cha jirani ndani ya mita hizo, nikalipwa, nikashukuru. Kwa hiyo ubao ule simwelekezei mtu kidole. Nausoma kila Jumatatu kama mtu anayesoma deni lake.

Dakika zangu zimekwisha, naona mshereheshaji anaangalia saa.

Mkiingia, ingieni wanane wanane, chumba ni kidogo. Msigonge kioo; perege mmoja ana watoto mdomoni tangu Jumanne, na samaki husikia mtikisiko kwa mwili mzima. Kobe yuko chini ya gogo upande wa kushoto. Mkinyamaza kama dakika tano atatoa pua. Anayetaka kuona nilikozika hela zake, kimlango cha bati nitakifungua saa tisa, ila avae viatu visivyoteleza.

Mheshimiwa, mkasi uko mezani. Utaniwia radhi utepe uko chini kidogo, itabidi uiname. Tuliupima kwa kimo cha darasa la kwanza.